9x juu ya 110: kisa cha swali moja la sehemu za aljebra

Jumamosi ile binti alifika kabla ya wenzake, akanikabidhi kaunta buku hata sijamaliza kuitikia shikamoo yake. "Mwalimu, hili nimelifanya peke yangu, sikumuuliza mtu." Swali lenyewe:

Rahisisha: (x² − 9)/(x² + 5x + 6) × (x² + 2x)/(4x − 12)

Jibu lake, lililopigiwa mistari miwili kwa rula, lilikuwa 9x/110.

Jibu sahihi ni x/4. Yuko Kidato cha Pili katika shule moja ya kutwa hapa Mtwara mjini, na mimi nafundisha tuisheni barazani kwangu, Chikongola, watoto sita au saba, Jumamosi na wakati wa likizo. Kosa lake nakutana nalo kila mwaka, kwa watoto wazito na kwa watoto wepesi. Lakini safari hii dawa niliyoanza nayo ilizaa kosa la pili, na hilo la pili lilikuwa langu. Ndiyo maana nimeona kisa kizima kinastahili kuandikwa.

Kwanza nilisoma hatua zake kama alivyoziandika, bila kushika kalamu nyekundu.

Kwenye sehemu ya kwanza aliona x² juu na x² chini. Akazikata zote mbili. Juu ikabaki −9, chini 5x + 6.

Kwenye sehemu ya pili aliona 2x juu na 4x chini. Akasema 2x inaingia mara mbili kwenye 4x, akaifuta 2x ya juu, na 4x ya chini akaiandika 2. Juu ikabaki x², chini 2 − 12, yaani −10.

Akazidisha: juu −9x², chini −10(5x + 6). Hasi juu, hasi chini, zikaondoka. Ikawa 9x² juu ya 50x + 60.

Mwisho akaona x² juu, x chini. Akakata x moja juu na x moja chini. Ikabaki 9x juu ya 50 + 60, yaani 9x/110.

Ukizisoma vizuri utaona jambo ambalo alama ya kosa ya kalamu nyekundu ingelificha. Kuzidisha mabano kwa −10 amefanya sawasawa. Hasi kwa hasi yuko sawa. 2 − 12 ni −10, kweli. Huyu si mtoto asiyejua hesabu. Amefanya kosa moja, akalirudia mara tatu kwa uaminifu kabisa, na kosa dogo jingine pembeni: ile 2x iliyofutwa haikuacha kitu. Hata kama kukata kule kungeruhusiwa, 2x ikigawanywa kwa 2x inabaki 1, haibaki hewa. Hili la 1 nitalirudia.

Sikumwambia amekosea. Nilimwambia achague namba yoyote aiweke mahali pa x, isipokuwa 3. Hakuuliza kwa nini isiwe 3, nami nikanyamaza. Akachagua 4.

Swali la kwenye karatasi, x ikiwa 4: juu 16 − 9 ni 7, chini 16 + 20 + 6 ni 42. Saba juu ya arobaini na mbili ni 1/6. Sehemu ya pili: juu 16 + 8 ni 24, chini 16 − 12 ni 4, ambayo ni 6. Moja ya sita mara sita ni 1.

Jibu lake, x ikiwa 4: 36/110.

Alilitazama kwa muda. Kisha akasema kitu ambacho wengi husema hapo: "Labda nimekosea kuzidisha." Akarudia kuzidisha. Hakukuwa na kosa. Akajaribu x ikiwa 1: swali likatoa 1/4, jibu lake likatoa 9/110. Hapo akaniangalia, si kwa aibu, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyepimiwa mzigo kwenye mizani mbili tofauti.

Nawaomba walimu wenzangu wasiliruke jaribio hili la namba. Kurahisisha sehemu maana yake ni kuandika kitu kilekile kwa umbo fupi. Kama ni kitu kilekile, basi kila namba utakayoipa x lazima itoe thamani ileile kabla na baada ya kurahisisha. Mtoto akishalijua hilo hahitaji mwalimu amwambie amepata au amekosa. Namba moja ikikataa, jibu limekufa. Ikikubali bado si uthibitisho kamili, maana kuna namba zinazokubali kwa bahati, lakini zikikubali mbili au tatu umeshapata pa kusimama.

Nilitaka kujua kosa lilianzia wapi. Nikarudi naye darasa la tano: 6/8 × 4/9. Akakata bila kufikiri. 6 na 9 kwa 3, zikawa 2 na 3. 4 na 8 kwa 4, zikawa 1 na 2. Zile 2 mbili zikakatana, jibu 1/3. Sawa kabisa.

Nikamwandikia 16/64, nikamwambia akate. Akaanza kugawanya kwa 2, akaendelea, akafika 1/4. Nikamwonyesha mkato wa mkato: futa 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4. Akacheka. "Kumbe inawezekana!" Nikamwambia afanye hivyo hivyo kwenye 13/39, akate 3 kwa 3. Akapata 1/9. Jibu la kweli ni 1/3.

Hiyo 16/64 ni mchezo wa zamani wa walimu wa hisabati. Sehemu za namba mbili juu na mbili chini zinazokubali ujinga huo, ukiacha za wazi kama 11/11 au 20/50, ni nne tu: 16/64, 19/95, 26/65 na 49/98, zote zikiwa ndogo kuliko 1. Mimi naitumia kwa sababu inaonyesha ugonjwa bila x yoyote kuwepo. Ile 6 ndani ya 16 imejumlishwa kwenye 10. Ile 6 ndani ya 64 ni sitini, nayo imejumlishwa na 4. Zimefanana sura tu. Hakuna hata moja inayozidisha namba nzima iliyokaa ndani yake.

Nikamuuliza: kukata ni nini? Jibu lake niliandika pembeni ya daftari langu neno kwa neno: "Ni kufuta kilichofanana juu na chini."

Basi ugonjwa ni huo. Katika 6/8 × 4/9 kanuni yake inafanya kazi, kwa sababu pale kila kilichopo kinazidisha. Shule ya msingi haikumpa nafasi nyingi ya kukutana na sehemu yenye kujumlisha juu na kujumlisha chini, kwa hiyo kanuni mbovu iliishi miaka minne bila kuguswa. Kidato cha Pili ikaingia x² + 5x + 6, ikaumbuka.

Kulikuwa na jingine, na hili ndilo lililonishtua zaidi. Nikamuuliza vigawo vya 12. Akataja vyote: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Anajua kigawo, anajua kigawo kikubwa cha shirika, alifundishwa kwa Kiswahili na hajasahau. Nikamuuliza fakta za x² + 2x. Akasema, "Hiyo ya kufaktaraizi ni topiki nyingine, mwalimu." Kwake fakta na kigawo ni vitu viwili visivyojuana. Kimoja kilibaki shule ya msingi pamoja na kiasi na asili (namba ya juu na namba ya chini ya sehemu), kingine kilianza sekondari pale lugha ya kufundishia ilipobadilika, na hakuna aliyewakutanisha. Nikamwambia ni kitu kimoja, kwamba x na (x + 2) ni vigawo vya x² + 2x vilevile kama 3 na 4 ni vigawo vya 12, kwa sababu ukivizidisha vinairudisha namba nzima. Alikaa kimya, kisha akaandika "fakta = kigawo" kwenye jalada la ndani. Naamini dakika ile ilifanya kazi kubwa kuliko nusu saa iliyofuata.

Nusu saa iliyofuata niliiharibu mwenyewe. Wenzake walikuwa wameshafika, nilikuwa na haraka, nikampa kanuni ya mkato: "Hukati penye kujumlisha wala kutoa. Unakata penye kuzidisha tu." Akaiandika kwa wino mwekundu, akaondoka nayo.

Jumamosi iliyofuata alileta swali lile lile amelifanya upya:

(x − 3)(x + 3)/[(x + 2)(x + 3)] × x(x + 2)/[4(x − 3)]

Alikuwa amepata vigawo vya mafungu yote manne bila kosa. Halafu amesimama hapo, amepiga mistari miwili, basi.

"Mbona hujaendelea?"

"Kuna kujumlisha, mwalimu. Ulisema tusikate penye kujumlisha."

Sikuwa na la kumjibu kwa sekunde kadhaa. Alikuwa ametii. Kanuni yangu ilikuwa imeandikwa kwa alama anazoziona mtu kwenye karatasi, kama ile yake ya "kilichofanana" ilivyokuwa ya sura. Nimemwondoa kwenye kanuni moja ya macho nikampa kanuni nyingine ya macho. (x + 3) ina alama ya kujumlisha, ndiyo, lakini inakatwa.

Mwenzake anayekaa naye dawati moja alikuwa amepita njia tofauti. Huyo aliona mabano yote kuwa ni mzigo, akazidisha kila kitu kwanza, kwa kufuata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) anavyodhani inamtaka. Akapata:

(x⁴ + 2x³ − 9x² − 18x)/(4x³ + 8x² − 36x − 72)

Hakuna kosa hata moja pale, nilikagua. Lakini amekwama. Nani ataangalia mlima huo akaona kwamba ni x/4? Ukishatwanga mahindi na mtama kwenye kinu kimoja, kutenganisha ni kazi nyingine kabisa. Katika kuzidisha sehemu za aljebra, vigawo hutafutwa kwanza, hukatwa, na kilichobaki ndicho huzidishwa, kama kuna haja. Mara nyingi hata haja hakuna.

Sasa nina watoto wawili: mmoja amekataa kukata, mwingine hana cha kukata. Na barazani ameketi babu yake binti, ametoka Tandahimba kufuatilia malipo yake benki, akaja kumchukua mjukuu waende kwa shangazi yake. Alikuwa anasikiliza.

Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Hayo makato mnayoyazungumza, na sisi yanatusumbua."

Wakati wa msimu neno "makato" huku kusini halina maana mbili. Tangu korosho zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, msimu wa 2007/2008, mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na fedha inaingia benki ikiwa imeshakatwa ushuru na gharama zilizopangwa kwa kilo. Mzee akaanza kusimulia msimu mmoja yeye na mdogo wake. Yeye alipeleka mzigo mara mbili ya mdogo wake. Makato ya kwa kilo yakapita kwa wote. Lakini pia kila mmoja alikuwa amekopa salfa ya kupulizia mikorosho kwa mfanyabiashara mmoja, deni sawa. "Nilipeleka mara mbili yake, mwalimu. Mkononi nikashika zaidi ya mara mbili yake. Mdogo wangu akaninunia mwezi mzima, akidhani kuna mchezo."

Nikamwomba mzee ruhusa nitumie kisa chake. Namba nilizipanga mimi ili zigawanyike vizuri.

Tuseme mzee amepeleka kilo 300, mdogo wake kilo 150, bei shilingi 2,000 kwa kilo. Mzee ana 600,000, mdogo ana 300,000. Gawanya: mara mbili.

Yaje makato ya shilingi 200 kwa kilo. Kila kilo sasa inalipa (2,000 − 200). Mzee anapata 300 × (2,000 − 200), mdogo wake 150 × (2,000 − 200). Ni 540,000 juu ya 270,000. Bado mara mbili.

Sasa tuache makato ya kilo, tuchukue deni la salfa peke yake, 100,000 kila mtu. Mzee 600,000 − 100,000, mdogo 300,000 − 100,000. Ni 500,000 juu ya 200,000. Mara mbili na nusu.

Nikawauliza watoto: katika hali zote mbili kuna alama ya kutoa juu na chini. Katika hali zote mbili kilichotolewa kinafanana juu na chini. Kwa nini ya kwanza haikubadilisha kitu na ya pili imebadilisha?

Binti ndiye aliyejibu, tena si kwa lugha ya darasani. "Ya kwanza imegusa kila kilo. Ya pili imekuja mara moja tu."

Hilo ndilo jibu, na sina namna bora ya kulisema. (2,000 − 200) ni kigawo: inazidisha fungu zima la juu na fungu zima la chini, kwa hiyo ukigawanya juu na chini kwa hiyo, uwiano haugeuki. Kwamba ndani yake kuna alama ya kutoa ni shauri lake yenyewe, halituhusu. Lakini ile −100,000 haizidishi chochote. Imekaa pembeni. Ukiifuta juu na chini kwa sababu imefanana, unakuwa umesema 5/2 ni sawa na 2, na mdogo mtu atakununia kwa haki.

Mzee akatikisa kichwa. "Ningekuwa na maneno hayo mwaka ule."

Nikafuta kanuni yangu ya wino mwekundu mbele yao. Badala yake tukaandika swali la kujiuliza kabla ya kukata: je, hiki kinazidisha juu yote, na kinazidisha chini yote? Kama ndiyo, kata, hata kiwe na alama gani ndani. Kama kinazidisha kipande tu, kiache. Yule wa dawati moja akauliza atajuaje. Nikamwambia afikirie gunia la korosho lililokwisha kushonwa. Mabano ni ule mshono. Gunia linabebwa zima au linaachwa zima, hakuna anayechomoa korosho tatu kupitia kwenye uzi. (x + 3) juu na (x + 3) chini ni magunia mawili ya mzigo mmoja. Lakini x iliyomo ndani ya (x + 3) haitoki peke yake kwenda kukatana na x iliyomo ndani ya (x + 2).

Kutoka hapo swali lilikwenda haraka, maana vigawo binti alikuwa navyo tayari. Nitavipitia kwa ajili ya msomaji aliyevisahau. x² − 9 ni tofauti ya miraba miwili, x² toa 3², nayo ni (x − 3)(x + 3). Asiyeamini achukue 20² − 3²: 400 − 9 ni 391, na 17 × 23 ni 391. x² + 5x + 6 inataka namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6 na ukizijumlisha unapata 5, ambazo ni 2 na 3, kwa hiyo (x + 2)(x + 3). x² + 2x ina x kila upande, itoe nje: x(x + 2). 4x − 12 ina 4: 4(x − 3).

(x − 3) ya juu kushoto ikaondoka na (x − 3) ya chini kulia. Hapo mwenzake akasita: zipo kwenye sehemu mbili tofauti. Ruhusa inatoka kwenye alama ya kuzidisha katikati. Sehemu mbili zikizidishwa huwa sehemu moja ndefu, juu kwa juu, chini kwa chini, na kila kigawo cha juu kinaweza kukutana na kila kigawo cha chini. Katikati pangekuwa na alama ya kujumlisha, ruhusa hiyo isingekuwepo. (x + 3) zikaondoka. (x + 2) zikaondoka. Juu ikabaki x, chini 4.

x/4. Akaweka 4: ikatoka 1. Akaweka 1: ikatoka 1/4. Hakuniuliza kama amepata.

   

Nilibaki na mambo mawili ambayo sikutaka yapite, ingawa muda ulikuwa umeisha na shangazi anasubiri.

Moja, ile 1 niliyoiahidi. Nilimpa (x + 2)/(x² + 5x + 6). Akaandika vigawo, akakata (x + 2), akajibu x + 3. Juu palikuwa patupu, akadhani patupu ni pa kuachwa. Kukata ni kugawanya, na kitu kikigawanywa kwa chenyewe kinatoa 1. Jibu ni 1/(x + 3). Ukiweka x ikiwa 1, 3 juu ya 12 ni 1/4, na x + 3 ingekupa 4. Wengine huandika 0 juu, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaua sehemu nzima.

Pili, nilibadilisha swali la mwanzo kidogo: mahali pa 4x − 12 nikaandika 12 − 4x. Akatoa 4: 4(3 − x). Akasema (x − 3) na (3 − x) hazifanani, hazikatani. Hapo nilifurahi, maana mwezi uliopita angekata tu. Lakini zina undugu. Weka 4: ya kwanza ni 1, ya pili ni −1. Weka 10: 7 na −7. Moja ni hasi ya mwenzake, kwa hiyo zikigawanywa zinatoa −1, na jibu la swali jipya ni −x/4. Hili naliweka wazi kwa sababu watunga mitihani wanalipenda.

Ndipo yeye mwenyewe akakumbuka. "Mwalimu, siku ile ulisema nisichague 3."

Nikamwambia aichague sasa, kwenye swali la mwanzo. Juu 9 − 9 ni 0. Sehemu ya pili chini, 12 − 12, ni 0. Akasimama. Kugawanya kwa sifuri hakuna. Lakini jibu letu x/4 linatoa 3/4 bila wasiwasi wowote. Je, ni kitu kilekile au si kitu kilekile?

Ni kitu kilekile kila mahali isipokuwa pale ambapo swali lenyewe halina maana. Tulipokata (x − 3) tuligawanya juu na chini kwa x − 3, na kugawanya huko kunaruhusiwa tu kama x − 3 si sifuri. Vivyo hivyo x + 2 na x + 3. Kwa hiyo jibu kamili ni x/4, x isiwe 3, wala −2, wala −3. Sifuri yenyewe haina shida: swali linatoa 0 na x/4 inatoa 0. Mitihani mingi haidai sharti hilo liandikwe, na kuna walimu wanaoliona ni kujisumbua. Mimi nadai liandikwe, angalau pembeni, kwa sababu linamkumbusha mtoto kwamba alipokata alikuwa anagawanya, hakuwa anafuta.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Binti akaandika masharti yale matatu chini ya jibu, akafunga kaunta buku, kisha akaifungua tena barazani akiwa ameshavaa viatu. Alikuwa na swali la kazi ya nyumbani la Jumatatu, x/(x + 2) + (x + 2)/3, na alitaka kujua kama (x + 2) ya chini inakatana na (x + 2) ya juu, kwa kuwa ni gunia zima.

Nilimwonyesha kidole alama iliyo katikati. Akaitazama, akasema "Aa!", akashuka ngazi kumfuata babu yake.